Kiangazi Hakimo Kwenye Kibali: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Maji Bonde la Pangani,
Moshi.

YAH: KUANDIKWA KWA MIFONGO YA KILIMANJARO KATIKA DAFTARI LA HAKI ZA MAJI

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe,

Naandika kutoka Kiboriloni, kata ya Manispaa upande wa mashariki, pale mtu wa Old Moshi anapoiacha barabara ya Himo na kuanza kupanda mlima. Sisi wa hapa tunaishi katikati ya kesi. Juu yetu kuna vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa, na juu ya vihamba kuna msitu. Chini yetu kuna mpunga wa Mabogini na Chekereni, miwa ya Arusha Chini, na mwisho wa yote bwawa la Nyumba ya Mungu. Wa juu wakishusha ndizi sokoni wanatueleza jinsi wa chini wanavyowasingizia wizi wa maji. Wa chini wakipita na magunia ya mchele wanatueleza kwamba wa juu wameufunga mto. Ukikaa sokoni muda wa kutosha utagundua kwamba wote wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Sina ugomvi binafsi na ofisi yenu. Nina hoja moja, nayo ni hii: kwa miaka mia sasa serikali zimekuwa zikigawa maji ya mlima huu kwa kipimo cha mwaka wa neema, wakati wenyeji walikuwa na utaratibu wa kugawana uhaba. Utaratibu huo umetambuliwa na sheria mnayoisimamia. Naomba sasa utambuliwe pia na daftari lenu, mfongo mmoja (mfereji wa asili wa Wachagga) baada ya mwingine, kwa jina lake.

Huenda mnalijua hili, lakini ni vizuri likasemwa hadharani: ninyi si bodi ya kwanza. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kusimamia maji ya asili ya Tanganyika, na bodi za maji zikawepo katika Jimbo la Kaskazini. Miaka kumi na kitu baadaye bodi hizo zilikuwa zimeshalemewa. Edmund Teale, mtaalamu wa miamba, na Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeijua nchi hii kwa miguu, walipewa kazi ya kuchunguza namna bora ya kusimamia maji na kuziunda upya bodi zenyewe. Taarifa yao ilitoka mwaka 1935. Shauri walilopewa lingeweza kuingia kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho bila kubadilishwa sana: mashamba makubwa tambarare, mifongo mlimani, na mito ileile.

Wakati huo hoja ya walowezi ilikuwa kwamba Wachagga wanapoteza maji. Mifereji yao ni ya udongo, inavuja, haina vipimo. Hoja hiyo haijafa hadi leo. Imebadilisha tu nguo. Siku hizi inakuja ndani ya mapendekezo ya miradi, ikiitwa ufanisi mdogo. Sikatai kwamba mfereji wa udongo unavuja. Nauliza tu maji hayo yamekwenda wapi. Yaliyovuja kule mlimani yameingia kwenye migomba na kahawa, na yaliyozama zaidi yamerudi ardhini, mengine yakaibuka tena huku chini. Kuutilia mfongo saruji pale unapobomoka kila masika ni kazi nzuri. Kuutilia saruji mwanzo hadi mwisho ili lita zisomeke vizuri kwenye kipimo ni kumnyima jirani wa chini maji ambayo hakuwahi kuyaombea kibali kwa sababu hakuwahi kuyakosa.

Nawaomba mnivumilie niueleze mfongo kidogo, maana barua nyingi za maji huandikwa na watu ambao hawajaupanda hadi kichwani pake.

Chanzo chake kiko juu bondeni, mara nyingi ndani ya msitu, kwenye banio la mawe, magogo, migomba na udongo ulioshindiliwa. Banio hilo linavuja, na kuvuja kwake kuna maana. Haliwezi kuufunga mto wote hata wenye mfongo wakitaka, na mvua kubwa ya kwanza ikija inalibeba. Kwa hiyo mto unaendelea kwenda, na mwenye banio la chini yake naye anapata. Kutoka hapo mfereji unaambaa na ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mgeni hudhani maji yanapanda. Penye korongo, zamani maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Vijiji vingine vina nduwa, bwawa dogo la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri, ili maji ya usiku yasiende bure na ya mchana yawe na nguvu ya kufika mwisho wa mashamba. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Old Moshi mwaka 1884 zama za Mangi (chifu) Rindi, aliikuta mifereji hii ikifanya kazi na akaandika habari zake. Hakuna afisa wa serikali yoyote aliyekuwa amefika kuipima.

Lakini kilichonifanya niandike si ustadi wa uchimbaji. Ni mgawo. Mfongo haugawi ujazo, unagawa zamu. Ukoo huu unapata asubuhi mpaka jua la utosini, ule unapata kuanzia hapo mpaka magharibi. Mto ukijaa, kila zamu inajaa. Mto ukipungua, zamu inabaki ilivyo na maji ndani yake yanapungua kwa kila mtu, tajiri na fukara. Hakuna anayehitaji kuandikiwa barua kwamba kiangazi kimeingia.

Kibali ni kitu kingine. Tangu enzi za futi za ujazo hadi lita kwa sekunde za leo, karatasi ya serikali inamwambia mtu: kiasi hiki ni chako. Mtu analipia kiasi hicho, anakitia kwenye hesabu zake za kilimo au mitambo, anakwenda nacho benki. Ikifika Februari kabla ya masika, au Oktoba ambapo vuli imechelewa, kiasi hicho hakimo mtoni. Wenye karatasi halali wanaweza kuwa wengi kuliko maji yenyewe. Najua sheria inawapa uwezo wa kupunguza au kusimamisha matumizi wakati wa ukame. Lakini uwezo huo uko kwenye ukurasa. Pale banioni, saa nane usiku, nani atashusha geti? Bonde lenu lina zaidi ya kilomita za mraba 40,000 na linavuka hadi Kenya. Hamwezi kuwa na mlinzi kila mahali. Kamati ya mfongo inaye, na halipwi na serikali.

Mfano uko hapa hapa chini yetu, na si siri. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hekta kama 1,100, ukitegemea mto Rau na chemchemi za Njoro. Ulikuwa na mabanio ya zege, mageti, mifereji iliyonyooka, mbegu bora na mavuno makubwa ya mpunga. Waliopanga waliupima mto, wakaupigia hesabu, wakajenga. Hawakuweka hesabuni kwamba mkulima aliye nje ya mradi ana macho. Alipoona jirani anavuna mpunga mara mbili, naye akachimba mfereji wake hapo juu na kupanda. Chekereni ikaanza kukauka, na katika maeneo ya mradi ikawa lazima mashamba mengine yalimwe na mengine yangoje. Mradi ulikuwa na haki ya maji kwa maandishi. Walioyachukua hawakuwa nayo. Maandishi hayakuleta hata debe moja. Kilichokuja kusaidia kidogo ni kukaa na kupangana zamu, yaani kurudi kule kule ambako mfongo ulianzia.

Sasa tazameni jinsi mwenye maji alivyokuwa akibadilika juu ya vichwa vyetu. Kwa Sheria ya Maji ya 1959 maji yote ya nchi yalikuwa mikononi mwa Gavana. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na mfongo ukapoteza mahali pa kukatia rufaa, kwa sababu mabaraza ya mifongo yakishindwana shauri lilikwenda kwa Mangi. Silii juu ya Umangi. Kulikuwa na Mangi waliopindisha mifereji kama walivyopindisha haki. Nasema tu kwamba kiti kiliondolewa na hakikuletwa kingine. Mwaka 1974 ikaja sheria mpya, Na. 42, ikasema maji ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Marekebisho ya 1981 yakaleta mfumo wa mabonde. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11, ambayo inaendelea kuyahesabu maji kuwa ya umma na kuyaweka chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Gavana, Jamhuri, Rais. Katika safari yote hiyo mzee aliyekuwa akisafisha banio kule mlimani aliendelea kusafisha, bila kujua kwamba mwenye maji amebadilika.

Hapo katikati kuna miaka ambayo nataka kuisema kwa heshima. Serikali ilitangaza kwamba maji vijijini yatakuwa bure, na mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400. Leo ni rahisi kuucheka mpango ule, kwa sababu mabomba mengi yalikufa na mwaka 1991 sera ikageuka, mwananchi akaambiwa achangie. Mimi siucheki. Kwa mara ya kwanza mwanamke, ambaye mila ilimzuia kuchimba mfongo na kukaa kwenye baraza lake ingawa ndoo ilikuwa kichwani mwake, alitambuliwa na serikali kuwa mtumia maji. Ubaya wake ni kwamba bomba lilipofika, mfongo ulihesabiwa kuwa jambo la kizamani, na hakuna aliyeuliza bomba likikauka tutarudi wapi.

Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, ya kwanza kati ya mabonde tisa ya nchi. Kwa nini Pangani ndiyo ilitangulia? Sote tunajua. Nyumba ya Mungu ilikuwa imeshajengwa tangu miaka ya 1960, mitambo ya umeme ya Hale ilikuwepo, na mitambo mipya ya Pangani Falls ya megawati 68 ilikuwa njiani kwa fedha za Norway, Sweden na Finland; ilianza kazi mwaka 1995. Kisha Benki ya Dunia ikaingia mwaka 1996 na mradi wa kusimamia mabonde ya mito na kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo. Aliyewekeza kwenye mitambo lazima aulize maji yanazuiliwa wapi huko juu. Basi ofisi ilizaliwa ikitazama chini, kwenye mitambo, na mifongo ikaonekana kwa mara ya kwanza katika majedwali yake ikiwa ni matundu yanayovujisha umeme. Umeme huo nautumia nikiandika barua hii, sijifanyi siujui. Lakini mtoto hujifunza kutazama alikolelewa, na nadhani miaka thelathini na kitu inatosha kwa ofisi kugeuza shingo.

Hata baada ya kugeuza shingo, mfongo wenyewe umekatwa vipande. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ulitiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa msitu ni jambo jema, maana maji yetu mengi yanatoka kwenye msitu na mawingu yake kuliko kwenye theluji tunayoipigia picha. Lakini vichwa vya mifongo viko mle. Kwa hiyo banio liko chini ya KINAPA, maji ya mtoni yako chini yenu, bomba linalochukua chemchemi jirani liko chini ya RUWASA kijijini na MUWSA mjini, na ardhi ambayo mfereji unapita iko chini ya halmashauri mbili, ya wilaya juu na ya manispaa kwetu. Mfereji mmoja wa kilomita chache una wakubwa wapatao sita. Ukibomoka, hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuzibua. Wanaouzibua ni watu wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ambao hawamo kwenye orodha hiyo ya wakubwa.

Na sisi tuambiane ukweli. Mifongo mingi haikuuawa na sheria. Vijana wamekwenda Dar es Salaam na Arusha, na msaragambo umebaki wa wazee. Zamani asiyetokea alilipa mbege au mbuzi na zamu yake ikarukwa. Leo anatuma elfu tano kwa simu na kuona amemaliza. Kahawa iliposhuka bei, wengi waliacha kumwagilia. Huku kwetu Kiboriloni mfereji ukipita karibu na nyumba unageuzwa jalala, na kuna waliojenga msingi wa duka juu yake kisha wakashangaa masika maji yalipoingia ndani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayetaka kujua inavyoheshimiwa atembee kando ya Rau hapa mjini. Hili ni letu, na sitawabebesha Bodi.

Ninachowabebesha ni daftari.

Sheria ya 2009 inazitambua haki za kimila za maji na kuzipa hadhi sawa na haki zilizotolewa kwa kibali. Hilo ni neno kubwa. Waingereza hawakulisema hivyo, na wabunge wetu wamelisema. Lakini haki yenye hadhi sawa isiyoandikwa popote itashindwa kila siku na haki iliyoandikwa, kwa sababu mwekezaji mpya akija ofisini kwenu kuomba maji ya mto fulani, mtafungua daftari kuona nani anayatumia. Msipouona mfongo humo, mtahesabu kwamba maji hayo yapo. Tena mfongo ni wa msimu; mwaka mmoja watu wanaupumzisha, mwaka wa pili wanaufufua. Mkaguzi akipita mwaka wa kupumzika ataandika kwamba umekufa.

Kwa hiyo naomba mtume watu wa kuandika mifongo ya mlima huu, kuanzia Old Moshi ambako ni karibu na ofisi yenu, na waiandike kama ilivyo: jina lake, ukoo ulioanzisha, mto, banio, mpangilio wa zamu, na nani hukata shauri watu wakigombana. Msiwalazimishe kujaza lita kwa sekunde mahali ambapo jibu la kweli ni zamu. Kama fomu haina nafasi ya zamu, fomu ndiyo irekebishwe. Na mkishakuwa na zamu za mifongo mkononi, jaribuni kuzitumia hata kwa wakubwa: kibali cha shamba kubwa kiseme sehemu ya mto badala ya kiasi kisichobadilika, ili kiangazi kimguse na yeye. Najua mawakili wao watapinga. Wapinge hadharani, tuwasikie.

Naomba pia daftari la vibali lisomeke na mwananchi. Mdhamini hutoa hesabu kwa mwenye mali, na sheria imesema mwenye mali ni sisi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Orodha ya nani anachukua maji kiasi gani kutoka Rau haina sababu ya kutoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi ya kata. Maombi mapya yakija, yatangazwe mahali ambapo watu wanasikia. Uchaggani matangazo ya Jumapili kanisani yanafika mbali kuliko gazeti la Serikali, na misikitini siku ya Ijumaa vivyo hivyo.

Halafu kuna Jumuiya za Watumia Maji, ambazo ni mpango mzuri wa Sheria hiyo ya 2009. Tatizo ni pale jumuiya inapoundwa upya kwa semina, ikachagua mwenyekiti mwenye kalamu na simu nzuri, wakati kamati ya mfongo imekaa pembeni na funguo za nduwa. Anzeni na kamati zilizopo. Wekeni sharti moja tu ambalo mila haikuwa nalo: wanawake wawe ndani, wenye kura, maana wao ndio wamebaki vijijini na wengi wao ndio wanaokwenda msaragambo siku hizi, mila itake isitake. Na sehemu ya ada inayokusanywa bondeni irudi juu, ikanunue mawe, saruji ya pale panapobomoka, na miche ya kupanda kingoni. Mwenye mitambo anayelipa kwa maji yaliyofika anapaswa kujua kwamba kuna mtu juu aliyeyaachia yapite.

Sitaki muamini kila neno la mzee wa mfongo. Wapo watakaodai zamu ambazo babu zao hawakuwa nazo, na wapo watakaoona daftari ni njia ya kumtoa jirani. Andikeni mbele ya watu, kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, anayepinga apinge hapo hapo. Wazee ambao bado wanajua mpangilio wa zamu wanapungua kila mwaka, na vitabu vyao ni vichwa vyao.

Ndugu Mwenyekiti, ofisi yenu iko Moshi na Old Moshi ni mwendo mfupi kwa gari kupitia kwetu. Nawaomba kazi hiyo ianze kabla hamjatoa au kuhuisha kibali kingine chochote kikubwa cha mto Rau, na kwamba siku mtakapoanza mtutangazie, ili wa juu na wa chini waje wote wawili kusikia kinachoandikwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kiboriloni,
Moshi.

Nakala: Madiwani wa kata zinazopakana na mto Rau, kamati za mifongo ya Old Moshi, na wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni.